Haki ya Kusikilizwa kama Msingi wa Tunu za Jamii: Uhakiki wa Kusadikika na Dunia Uwanja wa Fujo kwa Kurejelea Nyanda za Juu Kusini

IKISIRI

Makala haya yanajadili tunu ambayo jamii inapaswa kuitanguliza pale tunu zake zinapogongana. Riwaya mbili zinahakikiwa: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi (1975). Uhakiki huo unasomwa sambamba na historia ya ujamaa vijijini katika Nyanda za Juu Kusini, hususani tukio la Isimani la mwaka 1971 na kuvunjwa kwa ushirika wa vijiji vya Ruvuma mwaka 1969. Hoja kuu ni kwamba usawa, kazi na haki hubaki kuwa tunu pale tu wanaohusika wanaposikilizwa. Wasiposikilizwa, tunu hizo hugeuka amri. Makala yanaonesha pia upungufu wa riwaya zote mbili, kwa kuwa kila moja ina watu ambao nayo haiwasikilizi.

1.0 Utangulizi

Kila jamii ina orodha ya mambo mema inayoyatamani. Utangulizi wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 unataja uhuru, haki, udugu na amani. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwezi Januari 1967 na kutangazwa Februari 5 mwaka huo, lilitanguliza usawa wa binadamu, heshima ya kila mtu na wajibu wa kila mwenye nguvu kufanya kazi. Ni vigumu kumpata mtu atakayesimama hadharani kuipinga orodha hiyo. Ugumu huanza pale tunu mbili zinapokutana mahali pamoja na kila moja ikadai njia.

Mkulima anayedai uhuru wa kulima shamba lake na kiongozi anayedai usawa wa wanakijiji wote wanaweza kukutana shambani, kila mmoja akiwa na tunu ya kweli ya kutetea, na bado mmoja akamuua mwenzake. Jambo hilo lilitokea Isimani, mkoani Iringa, Desemba 25, 1971. Siku hiyo Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliyekuwa akisimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, aligombana na mkulima mkubwa Saidi Mwamwindi shambani kwa mkulima huyo, akapigwa risasi na kufa. Mwamwindi mwenyewe aliupeleka mwili kwa polisi mjini Iringa. Alishtakiwa, akapatikana na hatia, akanyongwa. Chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina la Kleruu mpaka leo.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na msiba huo: ni tunu ipi iliyokosekana Isimani, ilhali usawa, kazi na uhuru vyote vilikuwa vikitajwa? Jibu linatafutwa katika fasihi kwa sababu fasihi ya Kiswahili ililiuliza swali hilo kabla ya Isimani na ikaliuliza tena baada yake.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu umeongozwa na mkabala wa sosholojia ya fasihi, unaoichukulia kazi ya sanaa kuwa zao la jamii na wakati huohuo hukumu juu ya jamii hiyo. Mkabala huu haudai kwamba riwaya ni nakala ya tukio. Unachodai ni kwamba riwaya hupanga upya mahusiano ya watu ili msomaji aone kilichofichwa na kelele za tukio lenyewe.

Dhana ya kusikilizwa inahitaji kufafanuliwa kuanzia katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya masikio peke yake. Mtoto asiyesikia ni mtoto asiyetii, na mtoto msikivu ni yule anayefuata anachoambiwa. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu imeujenga usikivu kama wajibu wa mdogo kwa mkubwa. Hata hivyo, kutokana na mzizi huohuo lugha imezaa kitenzi kusikilizana, chenye maana ya kupatana. Watu waliosikilizana hawakutiiana. Kila mmoja alilipokea neno la mwenzake. Isitoshe, ipo methali nyingine inayoonya kwamba wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Lugha, kwa hiyo, inazo njia mbili za kusikia: ile inayotoka chini kwenda juu, na ile inayokwenda pande zote.

Kwa madhumuni ya makala haya, mtu anahesabika kuwa amesikilizwa yakitimia masharti matatu. La kwanza ni nafasi: awepo mahali jambo lake linapoamuliwa. La pili ni kinga: asiadhibiwe kwa kusema. La tatu ni uzito: neno lake liweze kuubadili uamuzi. Sharti moja likikosekana, kinachobaki ni mkutano tu. Masharti haya ndiyo yanayotumika kuzipima riwaya teule.

3.0 Kusadikika: Neno Lililofungwa na Neno Lililopewa Siku Sita

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya uanasheria. Akijitetea mbele ya baraza, Karama hajishughulishi sana na nafsi yake. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuiendeleza nchi yao, na ambao kila mmoja aliporudi na habari njema alitiwa gerezani. Utetezi unadumu siku sita. Mwishoni Karama anashinda na wajumbe wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo ni sahihi, lakini hauyamalizi yaliyomo. Ikipimwa kwa masharti matatu yaliyotajwa, Kusadikika si nchi isiyo na mikutano. Ina mfalme, mawaziri, baraza na taratibu. Wajumbe hawakujituma; walitumwa na dola yenyewe, na waliporudi walipewa nafasi ya kutoa taarifa. Walichokikosa ni kinga na uzito. Dola iliitaka safari lakini haikuyataka matokeo yake. Hapa Shaaban Robert ameugusa ugonjwa ambao haukwisha na ukoloni: serikali inaweza kuomba maoni kwa dhati, kisha ikamwona aliyeyatoa kuwa adui.

Jambo la pili ni aina ya kosa lenyewe. Karama hakuiba wala hakuasi. Alifundisha watu namna ya kujieleza mbele ya sheria. Majivuno anaielewa hatari ya elimu hiyo kuliko wenzake, kwa maana watu wakishajua kutetea neno lao, ufungwa wa wajumbe sita utahitaji sababu. Mwandishi ameiweka haki ya kusikilizwa chini ya haki nyingine zote: ikilindwa, madai mengine yana pa kuanzia, ikivunjwa, hakuna dai litakalofika barazani.

Hata hivyo, ushindi wa Karama una kasoro. Unapatikana kwa hisani ya mfalme. Baraza lilelile lililowafunga wajumbe ndilo linalowafungua, na msomaji haoneshwi utaratibu wowote utakaomzuia Majivuno mwingine kesho. Haki iliyotolewa kama zawadi inaweza kurudishwa kama zawadi. Aidha, mshtaki, mshtakiwa, mfalme na wajumbe wote sita ni wanaume. Nchi nzima inajadiliwa siku sita bila mwanamke kuwa miongoni mwa wanaoamua au wanaoamuliwa. Riwaya inayotetea kusikilizwa imeacha nusu ya watu wake nje ya mlango, na upungufu huo hauwezi kupuuzwa kwa kisingizio cha wakati.

4.0 Dunia Uwanja wa Fujo: Usawa Uliofika Bila Baraza

Kezilahabi aliijua vyema kazi ya Shaaban Robert. Tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu riwaya za mwandishi huyo. Dunia Uwanja wa Fujo inaweza kusomwa kama Kusadikika iliyoondolewa hisani ya mfalme. Tumaini, kijana wa Ukerewe, anautapanya urithi wake katika anasa, kisha anajirekebisha na kuwa mkulima mkubwa huko Shinyanga. Linapokuja Azimio la Arusha, shamba lake linatakiwa kuwa mali ya umma. Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa.

Ufanano na tukio la Isimani hauhitaji kusisitizwa. Makala haya hayadai kwamba mwandishi alikuwa akiandika habari za Iringa kwa jina lingine. Tukio la riwaya limewekwa mahali pengine na lina mantiki yake. Jambo la msingi ni mpangilio wa mahusiano. Kati ya Tumaini na dola hakuna baraza. Uamuzi umekwisha kufanywa kabla ya kiongozi kufika shambani, na ujio wake ni wa kutekeleza, si wa kuuliza. Karama alikuwa na siku sita. Tumaini hana hata moja. Pale nafasi ya neno ilipopaswa kuwa, pana bunduki.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama utetezi wa ubepari, na wapo waliomshutumu mwandishi kwa kuyakatia tamaa maendeleo ya umma. Shutuma hiyo inasahau namna Tumaini alivyojengwa. Yeye si mtu mwema aliyeonewa. Amepitia ulevi, uasherati na ubinafsi, na hata mageuzi yake ni ya mtu anayejitafutia mali. Mwandishi hakutaka msomaji amwonee huruma kwa sababu ni mwadilifu. Anamtaka msomaji akubali kwamba hata mtu mwenye makosa, hata anayemiliki zaidi ya wenzake, anastahili kuulizwa kabla ya kuchukuliwa alichonacho. Haki ya kusikilizwa haina maana ikiwa inawangoja wasio na lawama.

Upungufu wa riwaya uko mahali pengine. Msomaji anamjua Tumaini kwa ndani kuliko anavyowajua wanaomlimia. Shamba kubwa halilimwi na mtu mmoja. Historia ya Isimani inalidhihirisha jambo hili: Adhu Awiti, aliyeuchunguza ukulima wa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionesha jinsi kilimo cha mahindi kilivyozaa tabaka la wenye ardhi na matrekta kwa upande mmoja, na vibarua kwa upande mwingine. Kibarua wa Isimani hakuwa na nafasi, kinga wala uzito mbele ya mwajiri wake. Kwa hiyo, ujamaa ulipofika kwa jina la usawa, ulikuwa umeliona jeraha la kweli. Kosa lake lilikuwa kutibu ukimya mmoja kwa ukimya mwingine: mwenye shamba alinyamazishwa, lakini kibarua naye hakuulizwa.

5.0 Tunu Zilizoandikwa na Tunu Zilizotendwa

Mtu anaweza kujibu kwamba ujamaa haukuwahi kukusudia amri. Jibu hilo lina ukweli. Maandishi ya Nyerere ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini yalisisitiza hiari, na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya kiburi, dharau na uonevu. Mwongozo huo ulitoka miezi kumi kabla ya kifo cha Kleruu. Tunu, kwa hiyo, ilikuwa imeandikwa; kilichokosekana ni chombo cha kumlazimisha kiongozi aifuate mbele ya mkulima.

Ruvuma, pia katika Nyanda za Juu Kusini, ilikuwa na mfano wa njia nyingine. Kuanzia Litowa, wakulima waliunda vijiji vya ujamaa kwa hiari yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaviunganisha katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanakijiji walikutana, wakapanga kazi, wakaamua mgawanyo wa mapato na hata namna ya kuwasomesha watoto wao. Walikuwa wakitenda kile ambacho Azimio lilikuja kukihubiri. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Kosa la wana Ruvuma linafanana na la Karama. Hawakuukataa ujamaa, walizoea kuujadili wenyewe. Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikafuata. Gamba la Nyoka, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1979, inaonesha uhamishaji wa nguvu ulivyowafanya wanakijiji waione serikali yao kama mvamizi.

Shaaban Robert alikuwa ameitabiri tofauti hii kwa njia ya utulivu katika Utubora Mkulima. Utubora anaiacha kazi yake ya mjini Unguja na kwenda kulima Busutamu. Jembe linamtukuza kwa sababu amelichagua. Jembe hilohilo likishikwa kwa amri haliwezi kumtukuza mtu, hata likichimba shimo la kina kilekile. Kazi ni tunu, lakini haibebi utu wa mtu bila ridhaa yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la haraka. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na shule chache na zahanati chache, na wakulima waliotawanyika, ingewezaje kungoja kila mtu aseme? Ni kweli kwamba vijiji vilirahisisha ujenzi wa shule na visima katika maeneo mengi. Lakini kuokoa muda barazani si lazima kuokoe muda shambani. Watu waliohamishiwa mahali pasipo na maji au udongo mzuri walikuwa wakiijua ardhi hiyo kabla ya kuhamishwa; taarifa iliyohitajika ilikuwa midomoni mwao. Kutowasikiliza kuliwaumiza, na pia kuliinyima serikali maarifa.

6.0 Ilomba na Baraza la Leo

Mjadala huu haukuishia katika mashamba ya mahindi. Kata ya Ilomba iko katika Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kama ilivyo kwa kata nyingi za jiji hilo, watu wa asili mbalimbali, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga na wengineo, ni majirani. Majirani wasio na ukoo mmoja hawana mzee mmoja wa kuwaamua. Mpaka wa kiwanja, njia ya maji ya mvua au meza ya biashara iliyosogezwa barabarani ni mambo madogo kitaifa, lakini ndipo raia anapokutana na swali la Karama: je, nitasikilizwa?

Sheria imeliweka swali hilo katika ngazi ya kata. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ikataka watatu kati ya wajumbe wanne hadi wanane wa baraza wawe wanawake. Kwa kipengele hicho kimoja sheria imeirekebisha Kusadikika. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza hayo mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia usuluhishi. Yapo mema katika hatua hiyo, kwa kuwa haki ya ardhi inahitaji ujuzi wa sheria. Ila kwa kipimo cha makala haya, swali linabaki: nafasi ya kusema imehifadhiwa jirani na nyumbani, lakini uzito wa neno umesogezwa mbali, na mwenye nauli ndiye anayeufikia kwa urahisi.

Ibara ya 13 ya Katiba inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Hii ina maana kwamba hisani ya mfalme imekwisha kugeuzwa sheria, na hiyo ni hatua ambayo Karama hakuipata. Hatua inayobaki ni ile iliyoshindikana Isimani: kuitoa tunu katika maandishi na kuifikisha shambani, kabla ya pande mbili kukutana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba miongoni mwa tunu ambazo jamii hujitahidi kuzifikia, kusikilizwa ndiko kunakozifanya nyingine ziwe tunu. Kusadikika inaonesha dola yenye mabaraza lakini isiyowakinga wasemaji. Dunia Uwanja wa Fujo inaonesha dola yenye nia ya usawa lakini isiyo na baraza kabisa. Isimani na Ruvuma zinathibitisha kwamba hali zote mbili zimewahi kuwapo nje ya vitabu. Riwaya zenyewe zina wanyamavu wao: wanawake katika ya kwanza, vibarua katika ya pili. Tafiti zijazo zinaweza kuichunguza sauti ya kibarua wa mashambani katika riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970, kwani ndiye mtu ambaye Azimio lilitaka kumkomboa na ambaye hadi sasa anasimuliwa na wengine.

Katika siasa za Tanzania imezoeleka kusema kwamba serikali ni sikivu. Neno hilo, ambalo zamani lilikuwa sifa ya mtoto mtiifu, sasa limepandishwa hadi kwa mwenye mamlaka. Mabadiliko hayo ya lugha ni mazuri. Yatakuwa ya kweli siku mkazi wa kata, mwenye kiwanja au asiye nacho, atakapotoka barazani akiwa ameshindwa katika shauri lake, lakini akijua ni neno lake lipi lililopimwa na kwa sababu gani halikukubaliwa.